Radhi Niliyokunyima Jana

Mwanangu Salimu,

Salamu zangu zitangulie, aibu yangu izifuate. Nakuandikia nikiwa chumbani mwetu, swala ya alasiri imekwisha, nawe uko uani na nyanyako mnabishana kama mkeka utaingia sandukuni au utafungwa nje kwa kamba. Nasikia kila neno. Kutoka hapa nilipoketi mpaka hapo mlipo hazifiki hatua ishirini, nami natumia karatasi na wino kana kwamba umeshafika uendako. Wanijua. Maneno yangu hutoka vidoleni, mdomoni hukwama.

Hata kukuita mwanangu mkono unasita. Umenizidi miezi minne. Lakini babako alikuwa kaka yangu wa tumbo moja, na alipofariki wazee waliniweka mkekani wakasema, huyu ndiye baba wa Salimu sasa. Nilikuwa na miaka sita. Nililia, wakadhani namlilia marehemu, kumbe nalia kwa kuwa nimedhani nitatakiwa nikununulie nguo za Idi. Tangu siku ile kila jambo lako linalotaka baba limeletwa kwangu. Tulipotiwa jandoni tulitiwa siku moja, nami nikaulizwa mbele ya ngariba kama natoa ruhusa mwanangu atahiriwe. Nilikuwa nyuma yako kwenye foleni ile ile, nangoja zamu yangu. Na kila asubuhi waniamkia shikamoo, nusu mzaha nusu kweli, nami naitikia marahaba kwa sauti ambayo miaka michache tu iliyopita ilikuwa bado inapasuka.

Basi jana, mbele ya watu wote wale waliokuja kukuaga, ulikuja ukapiga magoti, ukanishika mkono, ukasema, "Baba, keshokutwa ninasafiri. Naomba radhi zako."

Wakaningoja. Nilisikia birika la kahawa linavyotokota jikoni. Mjomba wako wa Majoreni akasema huyu baba vipi, au anasubiri kilemba chake kwanza, watu wakacheka. Mimi nikafungua mdomo nikaufunga. Ndipo wewe ukageuka ukawaambia, "Baba ameshanipa tangu asubuhi. Hapa tunatimiza desturi tu." Wakasema Amin, kaimati zikapitishwa, mambo yakaisha. Mkono wako ulikuwa bado mkononi mwangu, nawe ukanibana vidole kidogo, kama mtu anayemwambia mwenziwe usijali.

Ulisema uongo kwa ajili yangu. Asubuhi hatukuwa tumesema lolote ila habari ya maji ya kuoga. Wewe wajua, mimi najua, na Mwenyezi Mungu anajua kwamba radhi hukuipata. Na mtu wa kwetu akitoka bila radhi ya mzazi, homa ikimshika huko atasema ni hiyo, na kazi ikimharibikia atasema ni hiyo.

Wote walidhani ni haya zangu. Wewe pia ulidhani ni haya. Salimu, zilikuwa si haya. Ulikuwa wivu.

Sitakuambia ufue siku gani wala uvae nini kwenye baridi ya kule. Hayo Mama, nyanyako, ameshakufunza wiki nzima, na ukisahau atakuandikia, na atakayemwandikia ni mimi, kwa hiyo nitayaandika wakati huo. Leo nataka nikuambie niliyoyaficha tangu nirudi kutoka huko huko.

Nakuonea wivu tangu tuko chuoni kwa Maalim. Wewe ukipita watu wanakuita. Mimi nikipita wanauliza, Salimu yuko wapi? Shuleni nilikuzidi Kiingereza, hilo hulikatai, na sababu yake sijapata kumwambia mtu. Kiswahili chanijua mno. Kinajua mama yangu ni nani, kinajua nililia mkekani, kila neno lina mtu nyuma yake anayenitazama. Kiingereza hakinijui. Ndani yake naweza kupaza sauti kama mtu mwingine kabisa, mrefu, asiye na mama. Ndiyo maana barua ilipotoka Tanganyika, kwamba shule moja ya kati huko milimani Usambara yatafuta mwalimu msaidizi wa Kiingereza, nilichaguliwa mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kitu kuja nyumbani kwetu kikaitwa changu. Wewe ulinibebea sanduku mpaka kituoni, ukasema, "Nenda, baba. Mwanao nitakuangalizia mamako." Kila mtu akacheka, na hata pale, siku yangu, kicheko kilikuwa chako.

Wenzetu kule walikuwa wameshapata uhuru, sisi bado. Wiki ya kwanza mtoto wa darasa la tano aliniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, ninyi kwenu bado mnatawaliwa?" Nikaona wivu hata wa bendera yao iliyopandishwa asubuhi. Waona nilivyo. Mtu anayeweza kukionea wivu kitambaa.

Kazi yenyewe, ambayo sasa ni yako, si nzito. Utawasomea watoto kwa sauti wafuate, utasahihisha madaftari ya mwalimu mwenye darasa, na akiugua utasimama wewe. Kilichonishinda ni kuishi. Mshahara wa mwalimu msaidizi ni mshahara wa mtu ambaye mama yake yuko karibu. Ilinichukua miezi kuelewa hivyo. Wasaidizi wengine wote walikuwa wa vijiji vile vile. Mahindi yao yako shambani kwa baba, kuni zao zimeletwa na dada, nyumba ni yao. Mshahara kwao ni chumvi, sabuni, mafuta ya taa na viatu. Mimi niliutaka uwe shamba na dada na nyumba. Haukuweza. Kufika katikati ya mwezi nilikuwa nina chumvi na sabuni tu.

Na nusu nilikuwa nimeshaituma huku. Wakumbuka ile taa ya karabai na ile doti ya leso. Nilikaa na njaa kwa ajili ya taa ile, nikijipa moyo kwamba itawashwa barazani na watu watasema, Bakari huyo. Kisha barua ya Mama ikafika, kwa mwandiko wako, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia: Salimu ndiye aliyeileta taa kutoka posta, Salimu ndiye aliyejua kuipampu, majirani wote wamekuja kumwona Salimu akiiwasha. Niliisoma mara tatu nikitafuta jina langu. Lilikuwa juu kabisa, kwenye anwani.

Sasa kosa lenyewe. Unajua tulivyolelewa. Ukiwakuta watu wanakula, unasema nimeshiba, hata kama tumbo linalia. Mwenye nyumba atakuambia tena, atakushika mkono, ataapa kwamba hagusi tonge mpaka uketi, ndipo unaketi na kuonja. Mara ya kwanza ni adabu yako, mara ya pili ni adabu yake, mara ya tatu ndiyo chakula. Mimi nilifika milimani na adabu hiyo kama nilivyofika na kanzu yangu, sikujua kuwa ni vazi la pwani.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja, Mama Zaina, mjane mwenye watoto wanne na chungu kikubwa cha makande. Jioni ya kwanza akaniita, "Mwalimu, karibu makande."

"Ahsante, mama, nimeshiba."

"Haya," akasema, akala.

Nikabaki nimesimama pale mlangoni pangu nangoja mara ya pili. Haikuja. Kule mtu akisema ameshiba, ameshiba. Kumlazimisha ni kumwita mwongo. Jioni ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nilijiapiza nitakubali, akaniita, na ulimi ukasema wenyewe, nimeshiba. Baadaye nilikuja kusikia kisimani wakishangaa, mwalimu huyu wa pwani anakula nini huko ndani hata kila jioni ameshiba? Mwisho wakaacha kuniita, wasije wakanisumbua. Hawakuwa watu wabaya. Waliniheshimu mpaka nikakonda.

Mwalimu Mkuu, mtu wa kando ya ziwa, mwenye sauti nene, alikuwa akiniita jioni kwa chai. Chai tupu, naye alikuwa mtu wa chai tupu. Ananiuliza habari za kwetu, na mimi ambaye siwezi kuzungumza, Salimu, nilikuwa nikizungumza. Habari zako. Sikuwa na habari nyingine. Jinsi ulivyomnyamazisha karani wa korti, jinsi unavyopanda mnazi huku ukiimba, jinsi unavyoweza kumwingia mtu yeyote moyoni. Nilikuwa nikisema mwanangu hivi, mwanangu vile. Siku moja akaweka kikombe chini.

"Huyo mwanao ana miaka mingapi?"

"Kumi na minane, bwana."

"Na wewe?"

"Kumi na minane."

Alicheka mpaka mke wake akatoka kuangalia. Nikamweleza, akasema kwao pia ni hivyo, ila yeye baba yake mdogo alikuwa angalau amemtangulia kutembea. Kuanzia hapo kila jioni aliniuliza, na mwanao hajambo?

Ilikuwa muhula wa pili, mwisho wa mwezi, mshahara umechelewa. Watoto wanaotoka mbali walikuwa wakija na chakula cha mchana kimefungwa kwenye jani la mgomba, wanakipanga nyuma ya darasa. Siku hiyo walikuwa kwenye shamba la shule na mimi nimebaki peke yangu na madaftari. Nilisahihisha manne. La tano sikuyaona maandishi yake. Niliinuka, nikafungua kifurushi cha kwanza mkono ulichofikia. Makande yaliyopoa, yameshikamana. Nilikula kwa vidole vyenye wino mwekundu. Nililamba jani.

Walipotoka shambani mtoto mmoja akalia kwamba chakula chake kimeliwa. Ikasemekana kwamba Hoza alirudi darasani kuchukua jembe. Ni kweli alirudi, lakini alipokuja mimi nilikuwa nimeshamaliza nimeketi. Mwalimu wa zamu akachukua fimbo. Hoza alikuwa mtoto mdogo wa umbo, fundi wa kusoma kwa sauti, mimi ndiye niliyemfundisha. Alipigwa sita mbele ya darasa, nami nimesimama kando ya ubao. Hakulia. Alikuwa akinitazama mimi tu. Hakuwa akinishuku, Salimu. Ingekuwa nafuu kama angenishuku. Alinitazama kwa sababu alijua nampenda, akangoja nimtetee. Nilikuwa na lugha mbili za kumtetea, nikanyamaza kwa zote mbili.

Baada ya siku tatu nilimwambia Mwalimu Mkuu kwamba mama yangu ni mgonjwa. Nanyi nikawaambia mkataba umekwisha. Mama yangu hakuwa mgonjwa, na mkataba haukuwa umekwisha. Nilikimbia. Mama akanichinjia kuku, wewe ukanipokea sanduku ukasema, "Umekonda, baba. Kumbe Kiingereza kinakula nyama." Watu wakacheka tena. Nami nikacheka. Sijui kama nimewahi kumchukia mtu kama nilivyokuchukia wewe dakika ile, ukiwa na sanduku langu kichwani.

Tangu hapo niko dukani Msambweni napima mafuta ya taa. Wateja bado wananiita Mwalimu. Mwalimu, nijazie nusu chupa. Wananiheshimu, na kila wanaponiita hivyo namwona Hoza. Uhuru wetu ulipokuja nilikuwa hapo hapo kwenye pipa. Watu walinunua mafuta mengi wiki ile kwa ajili ya sherehe, sikupata hata nafasi ya kwenda kuiangalia bendera.

Sasa nikuambie kuhusu kazi yako, maana hapa ndipo nilipokukosea wewe hasa.

Ulidhani mimi ndiye niliyekuombea. Siku niliyokupa ile barua ulinikumbatia mbele ya wateja, ukasema nimekufanyia hisani ambayo baba wa kukuzaa asingeizidi. Nikakubali shukrani. Nikasema si kitu. Ukweli ni kwamba Mwalimu Mkuu aliniandikia kwanza mimi, kuniuliza kama namjua kijana wa kwetu anayefaa, maana nafasi ile ilikuwa bado wazi. Nilimjibu siku ile ile, kwa Kiingereza changu kizuri kuliko chote nilichowahi kuandika, kwamba anayefaa ni mimi, mama amepona, naomba nirudi. Jina lako sikulitaja. Nilijua wafaa. Nilijua wafaa kunishinda, na ndiyo maana sikulitaja.

Jibu lake ndilo ulilolisoma, ila ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeuondoa. Aliandika kwamba hewa ya milima haikunipenda na hatataka kunirudisha nikonde tena. Kisha akasema: niletee yule mwanao uliyekuwa ukinisimulia kila jioni, nahisi namjua tayari.

Nilikaa na barua hiyo siku tisa chini ya mpira wa kuvutia mafuta. Mara mbili niliitia mkononi ili niichane. Mimi mwenyewe ndiye niliyekutengenezea jina kule, kwa mdomo huu mzito, jioni baada ya jioni, kwenye chai tupu. Sikumwambia habari zako ili akuajiri. Nilimwambia kwa sababu nilikuwa nimekukosa. Nilikukosa na kukuonea wivu kwa wakati mmoja, na sijui mpaka leo kimoja kinaishia wapi.

Na jana ulipopiga magoti, nikuambie nilichokuwa nikifikiri wakati watu wananisubiri? Nilikuwa natamani ushindwe. Si sana. Kidogo tu. Urudi baada ya miezi sita umekonda kama mimi, tukae wote wawili dukani, mmoja ashike faneli, mmoja amimine. Niliogopa kwamba nikitoa radhi, itafanya kazi.

Haya, sasa nimesema.

Ukifika kule, jirani akikuita, keti. Usingoje. Ona haya ukiwa tayari umeketi, tonge liko mkononi. Wewe hili halitakushinda, maana hujawahi kukataa chakula maishani mwako, lakini kuna siku mshahara umechelewa na mtu huanza kujidai. Siku hiyo ndiyo ya kuketi. Kisha uwe mtoto wa mtu. Mchotee maji Mama Zaina, mlimie matuta mawili, mwache akutume. Mshahara ule unamtosha mtoto wa mtu, haumtoshi mgeni. Na usitume nyumbani kitu cha kuonekana. Sisi hatuna haja ya taa ya pili. Tuandikie tu kwamba umekula, na uwe umekula kweli.

Chini ya barua hii kuna nyingine imefungwa. Ni ya Hoza. Atakuwa darasa la saba sasa kama hakuacha shule. Sikutumi umwombe msamaha kwa ajili yangu. Nimemwomba mwenyewe humo, na nimemwandikia kwa Kiswahili, nisije nikajificha. Mpe mkononi. Lakini fikiri kwanza. Atakapoisoma kijiji kitajua, na wewe utakuwa mwana wa yule mwalimu aliyekula makande ya mtoto akamwacha mwingine apigwe. Jina langu litakutangulia darasani. Kama wataka kungoja mpaka wakujue kwa jina lako, ngoja. Na ukiona huwezi kabisa, irudishe, niipeleke mimi kwa miguu yangu. Hilo nalo sina haki ya kukulazimisha.

Nilitaka kungoja wivu uishe ndipo nikupe radhi ikiwa safi, kama maji yaliyochujwa. Nimeketi hapa tangu alasiri nikiuangalia, na haujaisha. Nasikia unacheka na Mama huko nje, na bado nasema, mbona mimi Mama hacheki nami hivyo? Gari ni kesho asubuhi na wivu hauna saa. Basi nitakupa radhi nao ukiwamo. Nadhani wazazi wengine hutoa hivyo hivyo, ila wao hawana mazoea ya kuandika.

Radhi haiandikwi, kwa hiyo sitaiandika hapa. Nitakuletea barua hii uani sasa hivi, uisome mbele yangu, na Mama akiwepo. Akiuliza mbona tunarudia kilichokwisha, nitamwambia kwamba jana ulinisitiri. Ukimaliza kusoma, nakuomba jambo moja, mwanangu. Nitakaa kimya kwanza, nakujulisha mapema. Huenda nikakaa kimya muda mrefu. Usifanye mzaha, usinibane vidole, usiniokoe. Ningoje tu mpaka niseme mwenyewe.

Baba yako,
Bakari